Mlinzi wa Shimo

Mkaguzi alifika kwenye kilima cha kale akakuta shimo. Si shimo la kusema panya kachimba, la hasha! Lingemeza shule nzima na uwanja wake, na chini kabisa kulikuwa na maji ya kijani na vyura. Ukingoni kibao kilikuwa kimepakwa rangi mpya: "Usiguse Jiwe Lolote."

Fomu yake ilitaka alama moja tu ya hali ya kilima: nzuri, wastani au mbaya. Miaka tisa mfululizo waliomtangulia walitia "nzuri" bila kuinua makalio kitini. Yeye, aliyebakiza siku tatu za majaribio kabla bosi hajaamua kumwajiri au kumtimua, ndiye aliyejitia kimbelembele cha kuja kuona kwa macho.

"Mzee, kilima kiko wapi?"

Mlinzi alipiga saluti. "Kimechukuliwa, binti yangu. Lakini kwa utaratibu!"

Akamletea kitabu cha wageni. Jamani, kitabu hicho! Kila lori limeandikishwa: tarehe, namba, sahihi ya dereva, na lengo la ziara, "kuchukua mawe". Dereva mmoja aliyesahau kitambulisho alirudishwa, akaja kesho yake.

"Na hukuwazuia?"

"Niliambiwa nihakikishe wanasaini. Kuzuia sikuambiwa."

Alitaka kucheka, hasira ikamzuia. Akafunua ukurasa mwingine, akakutana na sahihi ya bosi wake mwenyewe, imekunjwa mkia kwa madaha. Lengo la ziara: mawe ya ukuta wa ofisi mpya ya mambo ya kale.

Akampigia simu. "Bosi, kilima hakipo."

"Weka wastani, dada."

"Wastani wa nini, bosi? Wa vyura?"

"Barua yako ya ajira iko mezani kwangu, haijasainiwa. Mwenye macho haambiwi tazama." Akakata.

Aliogopa, tusidanganyane. Mama yake alikwisha kuwatangazia majirani wote kwamba binti yake sasa ni mtu wa serikali. Hata hivyo alichora kisanduku cha nne kwa mkono, akaandika: "Kimehama. Kinapatikana katika ukuta wa ofisi yetu, upande wa dirisha la bosi."

Akaipiga picha fomu, pamoja na ule ukurasa wenye sahihi, akazituma kwa mkubwa wa bosi. Kisha akakaa ukingoni, akaililia kazi ambayo hata haijawa yake.