Siku ya Tisa na Mohira

Dilovar aliumega mkate katikati, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Bintiye Mohira, wa miaka mitatu, aliutaka mzima. Alivitazama vile vipande viwili mkononi mwa baba yake, akanyakua kimoja na kukitupa chini, katikati ya soko la mji wa Khujand.

"Uunge," alisema.

"Hauungiki, mwanangu. Nitakununulia mwingine."

"Sitaki mwingine. Nataka huu."

Dilovar aliinama, akakiokota kipande, akakibusu na kukigusisha kwenye paji la uso, heshima ya kwao kwa mkate ulioanguka. Alipoinuka, mtoto alikuwa chali, anapiga visigino sakafuni, uso umemwiva. Dilovar alikuwa amebeba matofali Urusi miaka miwili. Alimwacha hajajua kutembea. Leo ilikuwa siku ya tisa tangu arudi, na mara ya kwanza kutoka naye peke yao. Akamshika makwapa amwinue.

"Niache. Simtaki huyu. Namtaka baba."

Baba aliyemlilia alikuwa babu yake, aliyemlea. Lakini nani sokoni angejua hilo? Mama muuza mikate akaacha kupanga mikate yake.

"Kaka, mtoto wa nani huyo?"

"Wangu, mama."

"Mbona anamlilia baba yake?"

"Baba yake ni mimi."

"Wezi wa watoto wote husema hivyo," alidakia mwanamume mwenye gunia la karoti, akalitua ili azibe njia. Watu wakasogea. Mmoja akaenda kumwita askari.

Dilovar alimpigia mkewe Nazokat mara tatu. Hakupokea; kiwandani anakoshona, simu huachwa mlangoni. Kilio kikazidi kupanda. Mkono ulimwasha amzabe kofi moja anyamaze, na miguu ilimwambia ambebe akimbie. Lolote kati ya hayo lingemmaliza. Akamweka mtoto chini, naye akaketi sakafuni hatua mbili kutoka kwake, viganja juu ya magoti, wote wavione.

"Lia tu, Mohira. Nipo hapa. Sikugusi."

Mtoto akalia mpaka mkojo ukamtoka. Dilovar akavua koti, akalisukuma taratibu hadi miguuni pake. Mohira akalivuta. Kilio kikawa kwikwi.

Askari, mzee mwenye mvi, akachuchumaa mbele yake. "Mjukuu wangu, huyu ni nani?"

Mohira alimkazia macho Dilovar, kamasi zinamchuruzika.

"Ni yule wa kwenye simu," alisema. "Anambusu mama kwenye kioo."

Watu wakaangua kicheko, mwenye karoti akajitwika gunia lake. Muuza mikate peke yake hakucheka.

"Na huko mbali unakofanya kazi unarudi lini, mwanangu?"

"Machi."

"Haya. Bomba lipo kule nyuma. Kamwoshe kwanza."

Alimwosha kwa maji baridi, akamfunika koti. Mohira alikataa kubebwa. Alitangulia akiliburuta koti, Dilovar nyuma yake, hadi darajani, miguu ilipomwishia nguvu mtoto. Akasimama, akanyoosha mikono juu bila kugeuka. Dilovar akamchukua.

Jioni alimsimulia Nazokat yote, hata lile la kofi.

"Machi siendi," alimalizia.

Nazokat akauliza, "Tutakula nini?"

"Sijui," alisema Dilovar, kwa sauti ndogo, maana mtoto alikuwa amemlalia mkono.