Mdai Hakufika

Asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga ndio waliosema, lakini kwa miaka minne niliyatumia maneno hayo kana kwamba niliyatunga mimi. Naitwa Editha, hakimu mstaafu. Siku hizi nasuluhisha mashauri ya watu wanaovutana na kampuni za bima kuhusu fidia za ajali za magari. Nina chumba kimoja cha kupanga pale Morogoro mjini, meza, viti kumi na viwili, na karani mmoja, Mwaisha, ambaye ananivumilia. Nina hasira za karibu, sifichi, na hakuna kinachonichefua kama mtu kuniweka nikimsubiri.

Jumanne hiyo shauri lilikuwa la Theresia, mkulima wa ndizi na mdalasini kutoka vijiji vya juu huko Matombo. Noah ya abiria aliyopanda ilipinduka kwenye utelezi, mguu wake wa kulia ukavunjika chini ya goti, na mfupa ukaunga vibaya. Daktari aliandika kwamba lazima uvunjwe upya na uwekewe vyuma, tena kabla ya mwezi wa sita, la sivyo hatatembea sawasawa maisha yake yote. Kampuni ya bima ilikataa kugharamia upasuaji huo. Ilidai mama huyu amepona, anatembea vizuri tu, anajifanya.

Kwa hiyo tulikuwa tukutane, tumwone na tumsikie. Saa nne kamili tulikuwa tayari. Upande wa kampuni alikuwepo wakili Elia, kijana mtanashati wa suti ya kijivu, aliyesoma Mzumbe na hakuacha siku ipite bila kutukumbusha. Upande wa mdai kulikuwa na kiti kitupu.

Saa nne na robo Mwaisha akapiga namba iliyokuwa kwenye fomu. Haipatikani. Saa nne na nusu akapiga tena. Haipatikani.

Elia akasimama. "Mheshimiwa, mdai alipewa taarifa kwa maandishi, akasaini. Naomba shauri lifutwe."

"Tumsubiri kidogo, mama," Mwaisha akaninong'oneza. "Mvua imenyesha huko milimani."

"Hata Kihonda imenyesha, na mimi nimetoka huko nimefika!" nikamjibu. "Watu wanataka fidia, kuamka hawataki."

Ndiyo, nilisema hivyo, na ninayaandika hapa ili yanisute. Nikachukua kalamu. Nikaandika tarehe, nikaandika "Mdai hakufika", na nilikuwa katikati ya mstari wa pili mlango uliposukumwa.

Aliingia mzee wa miaka sabini hivi, suruali ameikunja hadi magotini, miguu yote tope.

"Hodi humu! Ndiyo penyewe pa bima?"

Wakili alikunja uso. Lakini mzee alikuwa mkubwa kwangu, na mama yangu hakunilea hivyo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Agustino, mjomba wake Theresia. Amenituma niseme hakuweza kuja."

"Kwamba hakuja tumeshaona," nikasema. "Kwa nini?"

"Machela imekwenda msibani."

Elia akacheka puani. Nikamwomba mzee afafanue, naye akafafanua kwa ukali, kama anayemfundisha mtoto mzito. Kutoka kwa Theresia hadi barabarani ni mwendo wa saa moja na nusu, njia ya mguu, mteremko mtupu. Mgonjwa hushushwa kwa machela, wanaume wanane wakipokezana. Kijiji kina machela moja. Walishapanga kumbeba Theresia alfajiri ile. Usiku wake jirani yao, mzee Kibwana, akafariki kwenye zahanati ya kule chini barabarani. Ni Waislamu, walitaka wamzike asubuhi ileile. Kwa hiyo machela ikashuka kumchukua marehemu, na wanaume wote wanane wakaenda nayo, kisha wakashika majembe.

"Maiti haisubiri, mama," akasema. "Theresia mwenyewe ndiye aliyesema, mpisheni Kibwana kwanza. Na machela ikishabeba maiti, sisi hatumlazi mgonjwa humo siku hiyohiyo. Wewe ungelala?"

"Nisingelala," nikakiri.

"Basi! Na simu yake ndiyo hiyo, huko kwetu mtandao ni wa kuvizia. Nimeacha wenzangu wanachimba kaburi nikadandia lori la ndizi. Kutoroka msibani! Watanisema mwaka mzima."

"Mheshimiwa," Elia akadakia, "huyu si mdai. Hana hata barua ya kumwakilisha." Kisheria alisema kweli. Kisha akatoa picha kwenye jalada lake, akaiweka mezani taratibu. "Na huyo anayebebwa kwa machela, si ndiye huyu?"

Alikuwa Theresia, amesimama kando ya ukuta wa kanisa, kitenge kipya, anatabasamu. Hana gongo wala fimbo. Mpelelezi wa kampuni aliipata kwenye status ya WhatsApp ya mtu, na ilipigwa miezi miwili baada ya ajali. Nikaona kumbe tunachezewa, damu ikanichemka. Nikamsogezea mzee ile picha.

Akaitazama, uso ukamng'aa. "Amependeza!"

"Hilo si jibu, baba. Alisimamaje hapo?"

"Si mumuulize mwenyewe?"

"Hayupo!" nikafoka.

"Yupo," akasema mzee Agustino. "Yupo nyumbani kwake. Ninyi ndio hampo."

Mwaisha aliinamisha kichwa, nadhani alikuwa anacheka. Mimi nilitazama karatasi yangu yenye mstari mmoja na nusu. Kama Theresia anaweza kutembea, njia hiyo ndiyo ingetuambia. Na kanuni zetu zinaniruhusu kusikiliza shauri mahali popote. Kwa miaka minne sikuwahi kutumia ruhusa hiyo, kwa sababu ya magoti yangu na kwa sababu nakipenda kiti changu. Nikaichana karatasi.

"Ijumaa tunapanda," nikasema.

"Tunapanda wapi, mheshimiwa?" Elia akauliza.

"Kwa Theresia. Na hivyo viatu uviache nyumbani."

Hakuviacha. Ijumaa alishuka garini na viatu vilevile vya ngozi, vimechongoka mbele, na mvua ilikuwa imeacha njia yote utelezi. Mzee Agustino alitupokea barabarani na kutuongoza. Nilipumzika mara nne, na mara ya tatu nilikaa juu ya jiwe nikamlaani aliyeumba milima, Mungu anisamehe. Mwaisha alinishika mkono kwenye vijito. Elia alianguka mara mbili. Ya pili aliteleza hadi kwenye shina la mgomba, suti ikawa ya rangi mbili.

"Pole, wakili," mzee akamwambia, akimvuta mkono. "Na wewe una miguu miwili."

Elia alibaki amesimama anaitazama njia ndefu kule tulikotoka, na baada ya hapo hakulalamika tena.

Theresia alikuwa ameketi barazani kwake, mama wa miaka thelathini na tano hivi, magongo mawili yameegemea ukuta nyuma yake. Aliyashika ainuke kunisalimu. Nilimzuia, lakini alishaanza, na nikauona uso wake ulivyojikunja kabla hajarudi kukaa.

"Shikamoo, mama. Poleni na kilima."

"Marahaba, mwanangu. Pole wewe."

Tukafungua shauri hapohapo, majirani wamekaa uani, kuku wanapita chini ya meza tuliyoazimwa. Elia akampa picha. Theresia akajifunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika kwa kicheko cha aibu.

"Jamani! Ni ubatizo wa mwanangu. Nilibebwa hadi kanisani, nikaegemezwa ukutani. Magongo nilimwambia dada ayafiche. Nani anapiga picha ya ubatizo na magongo?" Kisha akaishusha kanga. "Sikutaka akikua aone mama yake alikuwa kiwete. Nilidhani hadi hapo nitakuwa nimepona."

Alilia. Jirani mmoja akamletea maji, akasema kwa sauti ili sote tusikie, "Tulimshikilia kiunoni kwa pembeni, mimi na dada yake. Mkono wangu umo kwenye picha hiyo ukitazama vizuri." Mwaisha akaiinua kwenye mwanga. Kweli, kiunoni, pembeni mwa kitenge, kulikuwa na vidole vinne vya mtu mwingine.

Elia akaomba aonyeshwe mguu. Theresia akavuta kanga. Ugoko ulikuwa umepinda kwa nje na unyayo ukikanyagia ubavu. Wakili akautazama kwa muda, akafunga jalada lake.

"Mheshimiwa, sina swali," akasema. "Na ofisini nitawaeleza nilichokiona."

Nikatoa uamuzi palepale: kampuni igharamie upasuaji na matibabu yote hadi Theresia asimame, na alazwe kabla ya mwezi kwisha. Akinamama wakapiga vigelegele hadi mbwa wakabweka. Mzee Agustino alimtandika Elia kofi la mgongoni ambalo nadhani lilimuuma kuliko kuanguka. Nami nilifurahi, nisiseme uongo, nilifurahi kama siku nilipopata mjukuu.

Theresia akanishika mikono yote miwili, macho bado yana machozi. "Asante, mama. Asante kwa kunifuata. Na wengine wasiofika, huwa mnawafuata hivihivi?"

Aliuliza kwa shukrani tu, hakuwa na hila hata chembe. Ningeweza kumjibu kwa kanuni. Ninazijua zote kwa kichwa.

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Huwa nawafuta."

"Oo," akasema Theresia. Hakuniachia mikono.

Theresia alilazwa wiki ya pili, na upasuaji ukaenda vizuri. Daktari anasema mwaka huuhuu ataacha magongo. Siku niliyotoka kumwona wodini nilikwenda moja kwa moja ofisini, nikamwambia Mwaisha afungue kabati na anitolee mashauri yote niliyoyafuta kwa sababu mdai hakuwepo. Yalikuwa thelathini na moja. Kanuni zinawaruhusu watu hao kuomba mashauri yao yarudishwe wakiwa na sababu ya maana, na sikuwahi kumwambia hata mmoja.

La juu kabisa lilikuwa la Chausiku, muuza mboga wa mjini hapahapa, aliyegongwa akivuka barabara. Mwaisha akapiga namba. Ikaita. Nikamnyang'anya simu.

"Chausiku? Mimi ni Editha, wa bima, yule niliyefuta shauri lako."

"Nakusikia, mama."

"Nina swali nilipaswa kukuuliza mwaka juzi. Siku ile ulikuwa wapi?"

Akashusha pumzi na kuanza kunisimulia, nami nikavuta karatasi nikaandika.