Msalaba Uliokataa Kumpisha Jemadari

Jemadari aliingia Tapekue juu ya gari la ng'ombe, amelazwa chali kwenye majani makavu, uso umefunikwa gunia la unga. Ng'ombe hawakujua wanamvuta nani, wakajisaidia njiani kama siku zote. Mbele yao alitembea Don Hermógenes, muuza dawa na mwenyekiti wa mji, ndani ya suti aliyoolea, suti ambayo siku hizi ilikuwa imegombana na tumbo lake.

Katikati ya uwanja, pale ilipotakiwa kusimama sanamu hiyo ya Jemadari, alikuwa ameshakaa bibi kizee, Ña Kande. Alikuwa amekuja na kigoda chake, sigara yake nene ya tumbaku ya shambani, na kitambaa cheupe alichokuwa akikishona. Ubavuni mwake ulisimama msalaba wa mbao wa kaka yake, Anselmo.

Huyo Anselmo aliuawa akiwa na ndevu tatu tu kidevuni. Ulikuwa mwaka wa mwisho wa vita vile vikubwa, Paraguai peke yake dhidi ya majirani watatu, na Jemadari alikuwa akirudi nyuma na kilichobaki cha jeshi lake: wazee, vilema, na watoto waliobandikwa ndevu za bandia ili adui awaogope. Walipopiga kambi Tapekue, Anselmo alitoroka zamu yake kumpelekea mama yake muhogo. Akarudi kambini mwenyewe, kwa miguu yake. Ofisa akamsomea hukumu kwa jina la Jemadari, na kwa kuwa risasi zilikuwa adimu wakatumia mkuki. Kande wakati huo alikuwa kitoto. Muhogo ule alikuwa bado anautafuna.

Mama akasimika msalaba palepale damu ilipomwagika, kama tunavyomfanyia kila aliyeuawa, akauvika kitambaa cheupe mabegani. Mama alipokufa, kazi ya kubadilisha kitambaa ikawa ya Kande.

Jemadari naye hakukawia. Alikataa kusalimu amri mpaka mwisho, maadui wakamuua kando ya kijito, upanga mkononi. Wanawake ndio waliobaki na nchi. Wakajifunga kamba za jembe viunoni na kulima. Miaka yote iliyofuata serikali zilisema Jemadari alikuwa dhalimu, hata jina lake lisitajwe shuleni. Sasa imekuja serikali mpya inasema ni shujaa, na watoto wanafundishwa kumwimbia. Mwenyewe hakuulizwa mara zote mbili.

"Ña Kande," akaanza Don Hermógenes kwa sauti anayotumia kuwauzia watu dawa ya minyoo, "msalaba tutauhamishia makaburini. Utapata mahali pazuri, penye kivuli."

"Hakufia makaburini."

"Bibi yangu, Jumapili anakuja mgeni wa serikali kutoka mji mkuu, Asunción!"

"Basi mwambie alete kiti. Mimi hiki changu sikiazimishi."

Wanawake waliokuja kutazama wakacheka. Don Hermógenes akamgeukia Policarpo, fundi mwashi. "Wewe! Ng'oa hiyo mbao."

Policarpo akaweka sepetu chini taratibu. "Mimi najenga, Don. Kung'oa marehemu hatukuelewana."

"Nitang'oa mwenyewe!"

"Ng'oa, mwanangu," akasema Ña Kande, akipuliza moshi. "Ila unajua utaratibu. Anayeng'oa msalaba wa mtu anamchukua na mwenyewe. Anselmo hana matata. Atalala kwako, pale katikati, kati yako na mkeo."

Don Hermógenes akatema mate viganjani, akaukumbatia msalaba, akapiga magoti kidogo. Halafu akabaki hivyohivyo. Aliyemwona kwa mbali angedhani anacheza nao dansi.

"Mgongo," akasema hatimaye, akiuachia. "Mgongo wangu huu."

Shimo likasogezwa pembeni, msingi ukajengwa, na Jemadari akasimama ubavuni mwa msalaba. Lakini kabla ya kuondoka, mwenyekiti alimwinamia bibi kizee, na safari hii hakuwa na sauti ya dawa ya minyoo.

"Mgeni anakuja na askari. Hao hawakuzaliwa hapa, hawaogopi mizimu ya mtu. Sherehe ikiisha tu, msaliti wako anakwenda kuwa kuni. Jemadari hawezi kusimama na mtu aliyemkimbia."

 Ña Kande akauma uzi kwa jino lake moja la kazi.

Jumapili ile, saa za usingizi wa mchana, wakati mji mzima umefunga madirisha na hata mbwa wamejinyoosha chini ya meza, Ña Kande alikokota kigoda chake mpaka kwenye sanamu. Shoga yake, Ña Sinforosa, alikishika kisiyumbe, huku akitetemeka yeye zaidi ya kigoda.

"Shuka, Kande! Utavunja nyonga, halafu nani atakayekupikia?"

"Shika kigoda, wacha kupika maneno."

"Huyu si ndiye aliyemuua Anselmo? Sasa unampandia ya nini?"

Ña Kande akaingiza mikono chini ya gunia. "Kama Anselmo ni kuni kwa kuwa ameuawa, na huyu ameuawa. Wakimng'oa mmoja wamng'oe na mwenzake. Lo! Shingo gani hii? Kama ya fahali. Nilikisia ndogo."

"Humchukii tena?"

"Namchukia vizuri sana. Shika kigoda."

Jua lilipopungua makali, uwanja ulijaa. Bendi ilipiga, watoto waliimba, na mgeni akapanda jukwaani: kapteni kijana, mguu mmoja ameuharibu juzijuzi katika vita vya mpakani vya Chaco, askari wake wamejipanga nyuma yake. Don Hermógenes akamkabidhi kamba kwa mikono miwili. Kapteni akavuta. Gunia likaanguka.

Shingoni mwa Jemadari, juu ya nishani zake zote, kulikuwa na kitambaa cheupe cha misalaba, kimetariziwa pembeni na kimefungwa kwa fundo la heshima.

Bendi ilinyamaza, tarumbeta ikiwa ya mwisho.

"Nani amefanya hivi?" akauliza kapteni.

"Mimi," akasema Ña Kande, akasogea mbele. "Ni marehemu huyu. Wote waliouawa hapa kwetu huvaa. Au yeye hakufa?"

"Ni kichaa, mheshimiwa!" Don Hermógenes akadakia. "Kakaye alikuwa msaliti, msalaba wake ndio huo. Agiza tu askari—"

"Alipeleka muhogo kwa mama yake," akasema Ña Kande. Hakupaza sauti, lakini walisikia mpaka wa nyuma. "Akarudi zamuni. Nyie mnajua kumpigia saluti huyu bwana, pigeni, sikatazi. Mimi niliachiwa kazi ya kuwaombea waliouawa, na miaka yote hii sijaiacha hata nilipoumwa. Leo wamekuwa wawili hapa. Anayetaka kutoa, aanze na kitambaa cha Jemadari, halafu aje kwa Anselmo. Nipo."

Kisha, bila kungoja ruhusa ya mtu, akapiga magoti kati ya sanamu na msalaba, akaanza rozari.

Sauti ya Ña Sinforosa ikamfuata, bado inatetemeka. Halafu wajane wa vita vya zamani, na wajane wa juzi wa Chaco, wakiwa wamebeba watoto mgongoni. Katika nchi yetu hakuna anayekatiza rozari, hata awe waziri. Kofia zikaanza kushuka, moja baada ya nyingine. Kapteni alimtazama bibi kizee kwa muda, akautazama msalaba, kisha akavua kofia na kutafuta namna ya kupiga goti kwa ule mguu wake mbovu. Askari wote wakapiga magoti nyuma yake. Don Hermógenes akabaki amesimama peke yake na karatasi ya hotuba, mpaka alipoona anafanana na sanamu ya pili, ndipo naye akashuka. Kishikizo cha suti kilikatika, kikasikika.

Hotuba haikusomwa. Rozari ya Ña Kande ni ndefu, na siku ile aliirudia.

Asubuhi iliyofuata Policarpo alikuwa uwanjani na saruji iliyobaki, akiijazia mguuni mwa msalaba. Don Hermógenes alikuwa akienda kufungua duka. Akasimama.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, Don."

Mwenyekiti akazunguka msalaba, mikono nyuma, kama anayeukagua.

"Ongeza upande huu," akasema. "Umeinama."