Chupa ya Wiki Nzima

Profesa alikuwa ametundika picha yake mwenyewe ofisini mwake mwenyewe, ikimtazama yeye mwenyewe akiwa kitini. Mama Chupa, aliyeifuta vumbi kila Jumatatu, alishaamua zamani kwamba wale wawili walipendana kwelikweli na hapakuwa na nafasi ya mtu wa tatu.

Jumatatu hiyo alikuwa juu ya stuli, kitambaa mkononi, Profesa alipoingia huku akimsema mwanafunzi wake bila kugeuka nyuma. Mwanafunzi alikuwa binti mwembamba, mpole, ambaye wote pale maabara walimwita Kalamu, kwa kuwa hakukosa kalamu iliyochomekwa kwenye nywele.

"Miezi saba!" Profesa akasema. "Miezi saba unabembeleza jeni moja iamke! Mimi niliiamsha kwa wiki moja."

"Nimefuata njia yako neno kwa neno, Profesa."

"Basi hujui kusoma. Mtahini anakuja baada ya wiki mbili, Jumanne. Usipomwonyesha kitu, nakufuta siku hiyohiyo. Si kila mtu ameumbwa kwa sayansi, binti. Wengine mikono yao ni ya kuoshea vyombo."

Hakumtazama Mama Chupa aliposema hivyo. Kwake Mama Chupa alikuwa sehemu ya stuli.

Kalamu alitoka akiuma mdomo. Mama Chupa akashuka taratibu, akamwangalia Profesa akilainisha tai yake mbele ya kioo cha dirisha, akajisemea moyoni: kiatu kinang'aa kuliko kichwa.

Seli alizokuwa akihangaika nazo Kalamu zilitolewa zamani kwenye uvimbe wa titi la mwanamke mmoja. Mwenyewe alishafariki, lakini seli zake za saratani ziliendelea kugawanyika ndani ya chupa bapa, kwenye kabati lenye joto kama la mwili. Ndani ya kila seli mlikuwa na jeni ambayo kazi yake ni kuiambia seli, "Inatosha, acha kugawanyika." Jeni hiyo haikuwa imeharibika hata kidogo. Ilikuwa imezibwa. Vibandiko vidogo vya kemikali viliing'ang'ania mwanzoni mwake, seli ikawa haiwezi kuisoma. Na kila seli ilipogawanyika, iliwarithisha watoto wake vibandiko vilevile. Dawa ya unga iliyokuwa kwenye maabara ile, kazi yake ni kuzuia vibandiko visibandikwe upya seli inapogawanyika. Vizazi kadhaa vikipita, jeni inafunguka na kuanza kusema tena.

Mama Chupa aliyajua hayo yote. Shule yake iliishia kidato cha nne, lakini alikaa kwenye meza ya seli miaka tisa, kabla Profesa hajapata sifa na kutangaza kwamba asiye na shahada hatagusa seli zake. Ndipo akapelekwa chumba cha kuoshea, na jina la Mama Chupa likamganda.

Kalamu alimpenda kwa jambo moja dogo. Katika maabara nzima ni yeye peke yake aliyesuuza chupa zake kabla ya kuzileta, akazipanga kwenye trei mdomo chini, na kusema, "Pole na kazi, mama." Wengine walisukuma trei kwa mguu.

Ijumaa ya wiki hiyo, katika trei ya Kalamu, Mama Chupa alikuta chupa kubwa yenye karatasi iliyoandikwa vizuri: "Dawa. Jumatatu hadi Ijumaa." Akaisoma mara mbili. Akajifuta mikono, akaenda nayo moja kwa moja kwenye meza ya seli.

"Mwanangu, dawa hii uliichanganya lini?"

"Jumatatu, mama. Nachanganya mara moja, natumia wiki nzima. Ndivyo Profesa alivyoandika."

Mama Chupa akavuta kiti akakaa. "Ee Mungu wangu. Dawa hii ikishaguswa na maji inaanza kufa. Jioni imechoka, kesho yake huna dawa tena. Miezi saba yote, ukiacha Jumatatu, umekuwa ukizinywesha maji."

Kalamu akamkodolea macho. "Lakini yeye alifanikiwa!"

"Alifanikiwa kwa mikono ya nani? Kila siku saa moja asubuhi nilikuwa napima unga, nachanganya mpya, nazibadilishia maji seli zote. Kopo lilikuja na karatasi, na karatasi ilisema hivyo. Nilimwambia. Akaniuliza, 'Nani kakuomba maoni?' Nikafunga mdomo, nikaendelea kuchanganya."

"Na hakuona?"

"Aone saa ngapi? Alifika saa tano, akachungulia pale mlangoni, akauliza, 'Tunaendeleaje?' Nikamjibu vizuri, akaenda kunywa chai. Halafu akaandika jinsi alivyofanya."

Kalamu alicheka mpaka akashika meza, kisha kicheko kikageuka kilio, na Mama Chupa akampa ncha safi ya aproni yake ajifute.

"Nisamehe, mwanangu," Mama Chupa akasema. "Mimi nilijua. Sikudhani kuna mtu angefuata yale maandishi bila ile karatasi ya kwenye kopo. Kumbe siku hizi unga mnagawiwa kwenye vichupa vidogo, karatasi hamuioni."

Wiki iliyofuata Kalamu aliandaa seli upya, makundi matatu. Kundi la kwanza lilipata dawa mpya kila asubuhi. La pili lilipata dawa ya chupa ya wiki nzima. La tatu lilipata maji matupu yale ya kuyeyushia dawa. Mama Chupa alisimama kando kila siku saa moja, mikono nyuma, asiguse kitu. "Fanya mwenyewe," alisema. "Asije akapata pa kusemea." Mlangoni alikuwa ameacha chupa ya chai ya moto, maana ndani hairuhusiwi kunywa kitu. Jumamosi Kalamu alikusanya seli, na Jumatatu jioni akapima protini zake, akatoa picha.

Jumanne mtahini akaja maabarani. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na kabla ya kukaa alimsalimia kila aliyekuwemo, hata Mama Chupa aliyekuja kuondoa trei.

"Samahani kwa kukupotezea muda," Profesa alimwambia. "Binti huyu ana nia njema, lakini ubongo haukwenda naye."

Kalamu akaweka picha mezani. Kwenye kundi la dawa mpya palikuwa na mstari mweusi, mnene. Hiyo ndiyo protini ya ile jeni, alama kwamba imeamka. Kwenye kundi la chupa ya wiki nzima, hakuna kitu. Kwenye maji, hakuna kitu.

Mtahini aliinama akatazama kwa muda mrefu. "Safi sana. Nasi kwetu tulijaribu njia ya chupa moja, tukashindwa miaka miwili. Nani aligundua dawa lazima iwe mpya?"

"Mama huyu hapa," Kalamu akasema. "Ndivyo alivyokuwa akifanya tangu ule utafiti wa kwanza."

Profesa akacheka kwa pua. "Huyu? Huyu anaosha chupa! Kuchanganya kila siku ni agizo langu. Nilimfundisha mwenyewe, hatua kwa hatua. Kwenye maandishi ni wachapaji waliokosea."

Mama Chupa akaweka trei chini.

"Kweli, Profesa?"

"Kweli kabisa."

"Basi mwonyeshe mgeni tulivyokuwa tunafanya. Unga mahali pake hapajabadilika tangu enzi hizo. Nenda ukatuletee."

Mtahini akavua miwani. "Ningefurahi kuona," akasema kwa upole.

Profesa akainuka, akakaza tai. Akafungua friji ya kwanza, akakuta maji ya lishe ya seli. Akafungua ya pili, akatoa kichupa, akakisoma, akakirudisha haraka. Akafungua droo ya mizani, ikiwa na glavu tu. Akafungua kabati la joto, seli zikapigwa na baridi, na hata mfagizi aliyekuwa akipita ukumbini alijua kwamba unga ule hauwezi kukaa humo. Kalamu, kwa huruma yake, akanyoosha mkono kuelekea friza la kona, mlimokuwa na unga. Mama Chupa akaushika mkono ule, akaushusha.

"Mwache, mwanangu. Alitufundisha hatua kwa hatua."

Profesa akapiga magoti, akaanza kupekua kabati la chini ya sinki, kwenye sabuni na brashi.

Mtahini alimtazama kidogo, kisha akaivuta fomu ya Kalamu. Penye swali la kuendelea na masomo akaandika "Aendelee", akatia sahihi. Halafu akauliza jina kamili la Mama Chupa, herufi kwa herufi, akaliandika kwenye karatasi, akampa Kalamu.

"Liandike kwenye ukurasa wa kwanza wa utafiti wako," akasema, "kando ya lako."

Chini ya sinki ndoo ilianguka.