Kadi za Noof

...na nlivyoishika ile kadi kwa madaha, kama hakimu, nkamuuliza mwanangu Noof habari ya yule Mtaliana aliyekataa kulipa bili ya umeme, kumbe kadi yenyewe si ya Mtaliana, ni nyengine kabisa, na jibu liko nyuma yake na nyuma yake inamtazama yeye, kaiona, wallahi kaiona, kajibu vilevile vya Mtaliana, sheria ya Umoja wa Ulaya iko juu ya sheria ya kila nchi, baba, kanibusu kichwani, kashuka garini, kaingia kwenye mtihani, tena mtihani wa marudio, akianguka leo wanamtoa kwenye masomo ya sheria, khalas, na mie ndo nimemwingiza mle ndani na fedheha yangu kichwani mwake, baba yangu hajui kusoma, atayakumbuka mangapi... ule mlima wa Amerat ule, leo asubuhi nlikanyaga breki kwenye kona kadi zikamwagika, nkazirudisha shaghalabaghala, miezi minne zimo kwa mpango wake, kila asubuhi tunafika mapema kuikimbia foleni, tunakaa hapahapa ndani ya gari, mie nauliza yeye anajibu, nauliza kwa kichwa, si kwa macho, siku ya kwanza alinisomea zote mia mbili kwa Kiswahili zikaingia mara moja, haya, mara tatu, nani Maskati nzima ana kichwa kama hichi, chuo cha Kurani nlihifadhi juzuu mbili kwa masikio matupu kabla sijatoroka, maalimu alilia siku saba... “Sheikh, hapa pa gari za walimu,” mlinzi huyo, kainama dirishani na ndevu zake nyeupe, “Mie mwalimu,” “Wa nini?” “Sheria za Ulaya, kaulize ndani,” kacheka kaenda zake, acheke, uongo uko wapi, nani aliyemfahamisha Noof, si mie, profesa wiki tatu anahangaika naye hajafahamu, nkamwambia mwanangu, Ijumaa tunapokwenda kula kwa bibi yako, ammi yako Khattab kwake watoto wanakula na simu mkononi, mie kwangu marufuku, mdogo wako Balqis anajua, lakini tukishavuka kizingiti cha bibi yako amri ya Khattab imekufa na yangu imekufa, simu zote kikapuni, hiyo ndo Ulaya yako, kapiga kofi, “Baba! Kumbe ndo hivyo tu!”, ndo hivyo tu, mama... halafu leo nashika kadi ya uongo. Na shemegi Musallam siku ile nliposema ntamsomesha Noof, kadi hazijaandikwa bado, majlisi imejaa, “Suud, wewe dereva wa tangi la maji, Kizungu cha Ulaya umesomea wapi?”, nkamwambia Waingereza wa kampuni ya mafuta walikuwa wananipangia foleni niwasahihishie barua zao, foleni mpaka barabarani, na Noof kasimama mlangoni na sahani ya halua, kanitazama, kaitua sahani mbele ya wageni... kadi ipi hasa nliyoishika, hii, ina chupa pembeni, mchoro mdogo wa chupa imepigwa mstari wa kukatazwa, haya machoro nlimgombeza Balqis, unachafua kadi za dada yako, kaapa si yeye, mtoto wa miaka sita anaapa kwa bibi yake, nsimsadiki... chupa. Chupa! Kesi ya pombe, astaghfirullah, pombe ya Kifaransa Wajarumani walioikataa sokoni kwao, na hii ina taa, Mtaliana na umeme wake, na hii gari, kampuni ya Kiholanzi iliyoongezwa ushuru mpakani, lakini hili si gari la Kiholanzi, hili tangi la maji, langu, na dereva ana masharubu... wino umeshafifia, huu si wa jana, huu wa miezi minne, alichora tokea mwanzo, kadi zote mia mbili, ili mie nisipotee, na mie nlijitia kichwa kikubwa hata sikuyaangalia sawasawa. Basi si leo alipojua. Anajua tokea ile halua. Kajua, kachora, kanyamaza, na kila asubuhi kanambia uliza baba... basi kaingia mle ndani mwepesi, hana alichobeba ila Ulaya nzima, na mtihani ataupasua, wataita maprofesa kutoka Ulaya waje wamtazame! Na hili neno la mwisho, chini ya taa lipo, chini ya chupa lipo, chini ya tangi langu lipo, lilelile, linaanza na kijiti kimelaza mguu, kesi zote tatu zinaishia pahala pamoja, kwenye mahkama yao, Luksembugi... Luksembugi! Hili hapa, na hili, na hili, nimelisoma, mie Suud, peke yangu, bila ya mtu, miaka khamsini na nne, na akitoka ntamwambia niandikie na mengine, kwa wiki ntayamaliza, kwa siku mbili... mlinzi karudi, agonga kioo, “Sheikh, sheikh,” mwache agonge, mwalimu anasoma.