Mwavuli wa Citoyen Anselme

Anselme hakuwahi kukosea hata siku moja. Kwa miaka minne, kila asubuhi, alikuwa akisoma hali ya anga redioni mjini Bunia, na hakuna aliyeweza kumshika na kosa, maana hakuna aliyeweza kumshika na neno. "Anga lenye mawingu badilifu," alikuwa akisema kwa sauti nzito, "kukiwa na uwezekano wa précipitations éparses, za wastani au hafifu, kutegemea mwenendo wa misukumo ya hewa." Ikinyesha, alikuwa amesema. Isiponyesha, alikuwa amesema vilevile.

Jumapili moja ya mwaka 1984, baada ya misa, alivaa koti lake jipya la abakosti, la kijivu, akashika mwavuli na kwenda Mudzipela kwa mzee Baudouin, baba yake Léonie. Alikuwa na ombi moja tu: apangiwe siku ambayo wajomba zake wangekuja kuzungumza habari za mahari. Léonie alikuwa amemkubali tangu Krismasi. Aliyebaki ni mzee, na mzee alikwisha kuwarudisha wachumba wawili kwa sababu hakupenda walivyojibu maswali. Mwavuli Anselme aliubeba kwa heshima tu, kwa vile jua lilikuwa linawaka. Aliamini kwamba mtu mwenye mwavuli anaonekana mtu wa ofisi.

Alimkuta mzee uani, katikati ya matofali mabichi yaliyopangwa kukauka, safu kwa safu, jasho la miezi miwili. Kabla ya salamu mzee aliutazama mwavuli, akageuka na kupaza sauti.

"Mama Léonie! Mulete majani mbiombio, tufunike! Anselme iko na parapluie!"

Majirani wa kushoto wakaanza kuanua mihogo. Wa kulia nao wakafuata.

"Jambo, baba," alisema Anselme, ameduwaa. "Lakini asubuhi kwa redio sikusema mvua."

"Redio yako tunaisikilizaka, mutoto wangu. Kuielewa njo hatuielewake. Basi tunaangaliaka mukono yako. Ukipita hapa na parapluie, tunafunika. Ukipita bila, tunaanika. Mudzipela muzima inafanyaka vile."

Iliuma. Miaka minne ya baromita na madaftari, kumbe mtaa mzima ulikuwa unasoma mkono wake wa kulia!

"Parapluie ni ya heshima tu, baba."

"Basi sema weye mwenyewe. Mvua iko ao haiko?"

"Leo kuko uwezekano wa..."

"Sikukuuliza uwezekano. Matofali yangu haijuake uwezekano. Iko ao haiko?"

Léonie alikuwa amesimama na mzigo wa majani ya ndizi kichwani, anamkodolea macho. Ukishindwa na hili, macho hayo yalisema, padri utamjibu nini siku ya ndoa? Anselme aliangalia juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, ila kiwingu kimoja tu upande wa mto Shari, hakizidi shuka la mtoto.

"Haiko," alisema. "Leo mvua haiko."

Mwenyewe alishangaa jinsi neno lilivyokuwa fupi, na tamu. Mzee akaamuru majani yaondolewe. Wakaketi, chai ikaletwa, na Anselme akaanza kuwataja wajomba zake mmoja mmoja. Alikuwa hajafika kwa wa pili tone la kwanza lilipotumbukia kikombeni mwake.

Haikuwa hafifu wala ya wastani. Ilimwagika. Anselme alitupa kikombe, akafungua mwavuli juu ya safu ya kwanza, ukafunika matofali manane. Akavua abakosti mpya, ikafunika sita. Kisha akakimbia na majani, akianguka na kuinuka, fulana imegandamana na mwili, hata nusu ya matofali ikaokoka. Nusu nyingine ilirudi kuwa udongo.

Mvua ilipokatika, alisimama barazani akichuruzika matope, ameona haya kupita kiasi.

"Nimekosa, baba. Naomba njia, niende."

"Ikala, usiende," alisema mzee. "Kila siku nilikuwa najiuliza: muntu huyu, siku atakosea binti yangu, nitamugombeza juu ya nini? Hasemake kitu! Leo umesema, umekosa, umevua koti. Mukwe wa vile naweza kumugombeza." Akamkabidhi kitambaa ajifute uso. "Wajomba yako bakuje Jumamosi, siku ya posho. Bavae nguo ya kazi. Tutafanya matofali kwanza, mahari nyuma."

Anselme alitamani kulia kwa furaha, akajikaza.

"Na siku ya posho," Léonie aliuliza huku akijizuia kucheka, "mvua iko ao haiko?"

Anselme alifungua kinywa, akamwona mzee anamtazama.

"Haiko," alisema.

Mzee akamwambia mkewe asitupe yale majani.