Ncha za Muhogo wa Nyevu

Ruwaida Badawi alikuwa ameua muhogo wa watu mara tatu, na kila mara alilia.

Maabara yake ndogo ya Port Reitz ndiyo iliyopewa miche ya mwisho ya muhogo mtamu wa mkulima mzee, Bibi Nyevu, baada ya ugonjwa kuozesha shamba lake zima kule Mwakirunge. Miche iliishi ndani ya chupa, lakini chupa huingia ukungu. Sasa zilibaki nne tu.

Dawa ilikuwa moja: kukata ncha za machipukizi, ndogo kama kichwa cha pini, na kuzigandisha katika naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kupita barafu. Humo zingekaa miaka na mikaka. Kazi ni kuzitoa zikiwa hai, maana maji yaliyo ndani ya ncha yakiwa barafu huichanachana. Mara tatu Ruwaida alizitoa, mara tatu zikageuka kahawia.

Mara ya nne aliziloweka katika dawa ya kufyonza maji dakika arubaini badala ya ishirini. Akagandisha ncha kumi. Kesho yake akaziyeyusha upesi, akazipanda kwenye vibakuli, akaziweka gizani siku chache, kisha kwenye mwanga hafifu.

Siku ya kumi na mbili, Jumamosi asubuhi, Nyevu akapiga hodi.

"Shikamoo, mama," Ruwaida akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimechoka kungoja simu. Muhogo wangu u hai?"

"Wallahi sijui. Ndiyo kwanza nafungua."

Ruwaida akaweka kibakuli chini ya hadubini. Ncha ya kwanza kahawia. Ya pili kahawia. Ya tatu… akafuta jicho, akatazama tena.

"Mama! Njoo uone! Njoo!"

Nyevu akainama. Katikati ya ncha nyeupe palikuwa na jani, dogo kuliko punje ya mchele, kijani kibichi.

"Huu ndio muhogo wangu?"

"Ndio wenyewe! Ulikuwa kwenye baridi ya kufisha, na umerudi!"

Nyevu akapiga kigelegele hadi bawabu akaja mbio. Wakahesabu pamoja: nne kati ya kumi zilikuwa hai.

"Na zile chupa zilizobaki?" Nyevu akauliza.

"Tunakata ncha za miche yake na kuzigandisha leo hii, mama. Sasa hivi!"

"Basi siendi popote."

Alasiri, Ruwaida alipofunua tangi la naitrojeni, mvuke mweupe ukamwagika hadi sakafuni. Nyevu akarudi nyuma, akacheka, kisha akasogea tena kutazama ncha thelathini za muhogo wake zikizama.